Kabla ya md5(): Hans Peter Luhn, fundi wa nyuzi aliyetuachia heshi

Shika simu yako sasa hivi, bonyeza *#06#. Zile tarakimu 15 zinazotokea ni IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe. Angalia ya mwisho kabisa. Hiyo kiwanda hakikujichagulia. Imekokotolewa kutoka kwa zile 14 zilizotangulia, kwa hesabu iliyobuniwa na mzee mmoja Mjerumani aliyefariki mwaka wa 1964. Toa na kadi ya benki kama unayo. Mambo ni yale yale.

Mzee huyo ni Hans Peter Luhn. Na kama wewe ni mmoja wa wale vijana wa Kapsoya wanaojifunza PHP usiku, bando imebaki kidogo, unajengea chama cha akina mama au duka la vifaa vya ujenzi tovuti yao, basi huyu mzee anakudai asante. Kila ukiandika md5() au hash(), ukatia neno ndani na kuliona likigeuka msururu wa herufi na tarakimu usioeleweka, unatumia wazo ambalo Luhn aliliandika kwenye karatasi za ofisini Januari 1953. Intaneti haikuwepo. PHP haikuwepo. Hata aliyeiunda PHP, Rasmus Lerdorf, alikuwa bado hajazaliwa.

Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo tulia, hapa hakuna lekcha. Nataka tu ujue maisha ya huyu jamaa kwa sababu moja: ukishajua heshi ilizaliwa ifanye kazi gani, utajua pia ni wapi itakuangusha.

Mtoto wa mpiga chapa

Luhn alizaliwa Julai 1, 1896 mjini Barmen, Ujerumani, mji wa viwanda vya nguo ambao leo ni sehemu ya Wuppertal. Baba yake alikuwa mpiga chapa stadi. Zama hizo kupiga chapa haikuwa kubofya kitufe. Kila herufi ilikuwa kipande cha chuma, na kila kipande kilikuwa na kisanduku chake. Fundi akitaka herufi fulani hakuanza kupekua rundo lote. Mkono ulijua kisanduku ni kipi. Shika picha hiyo ya visanduku, tutairudia.

Alipomaliza shule alienda Sankt Gallen, Uswisi, kujifunza upigaji chapa ili aingie kwenye biashara ya familia. Halafu Vita Vikuu vya Kwanza vikaja na kuharibu mipango ya kila mtu. Luhn akavaa sare za jeshi la Ujerumani, akafanya kazi upande wa mawasiliano. Vita vilipoisha hakurudi kwa chapa. Akaingia kwenye nguo, na mwaka wa 1924 kazi hiyo ikamfikisha Marekani.

Sasa, mtu wa Eldoret hahitaji kuelezwa habari za nyuzi. Huu ni mji wa Ken-Knit na wa Rivatex, kiwanda kilichofungwa kisha kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007. Muulize yeyote aliyewahi kufanya kazi ya vitambaa atakwambia: ubora wa kitambaa unaanza na idadi ya nyuzi kwa kila inchi. Shida ni kuzihesabu. Ukihesabu mmoja mmoja kwa jicho utalia machozi, na bado utakosea.

Luhn akaunda kifaa kinachoitwa Lunometer. Ni kipande bapa kilichochorwa mistari myembamba sana. Unakilaza juu ya kitambaa, mistari yake inakutana na nyuzi, na mchoro unaojitokeza unakuonyesha idadi papo hapo. Huhesabu chochote. Kifaa hicho kimeendelea kuuzwa miongo mingi baada ya yeye kufa.

Ona alichofanya hapo. Alichukua kitu kikubwa chenye mamia ya nyuzi, akakipa nambari moja fupi inayokiwakilisha. Akili ya heshi ilikuwa tayari imeanza kuchemka, na kompyuta hazijafika.

Koti la mvua na chupa za pombe

Huyu mtu hakutulia. Alifungua kampuni yake ya ushauri wa kihandisi na akawa anabuni chochote kilichomkera. Alibuni koti la mvua linalokunjika. Alibuni meza ya michezo. Alibuni hata mwongozo wa vinywaji, ambapo unaangalia chupa ulizo nazo nyumbani, nao unakuonyesha ni vinywaji gani mchanganyiko unavyoweza kutengeneza nazo. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa na hataza zaidi ya 80.

Usicheke ule mwongozo wa pombe. Ukiutazama vizuri ni mashine ya kutafuta. Unaipa ulicho nacho, inakurudishia kinacholingana. Badilisha chupa uweke maneno, na umefika karibu sana na kile unachofanya kila siku ukitafuta kitu kwenye simu.

Mwaka wa 1941 kampuni ya IBM ikamwajiri kama mhandisi mwandamizi wa utafiti. Hesabu mwenyewe: alikuwa na karibu miaka 45. Hakuwa na cheti cha sayansi ya kompyuta kwa sababu somo hilo halikuwa limeanzishwa popote. Alileta chapa, nyuzi na mikono iliyozoea kutengeneza vitu. Ukiwa na miaka 23 na unadhani umechelewa, pumua kidogo.

Karatasi zilizozidi

Baada ya Vita Vikuu vya Pili dunia ilipata tatizo jipya: maandishi yalizidi wasomaji. Wanasayansi walikuwa wakichapisha utafiti kwa kasi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kujua wenzake wameshagundua nini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wanakemia walifika IBM kuuliza kama mashine zinaweza kuwasaidia kupekua habari za kemikali. Mashine za wakati huo zilitumia kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Luhn akapewa kazi hiyo, na akaunda mashine ya kupekua kadi ambayo watu waliishia kuiita kwa jina lake.

Hapo ndipo alipokutana uso kwa uso na maadui wawili ambao wewe pia unawajua. Wa kwanza ni makosa ya binadamu. Wa pili ni polepole.

Tuanze na makosa. Karani anaandika nambari ndefu, jicho linateleza, 45 inakuwa 54. Akaunti ya mtu inaguswa bila hatia. Luhn akafikiria: je, kama nambari yenyewe ingebeba ushahidi wa usahihi wake?

Jaribu na nambari 4527. Anza upande wa kulia. Ile 7 izidishe mara mbili, unapata 14, na kwa kuwa imepita 9, jumlisha tarakimu zake: 1 na 4 ni 5. Inayofuata ni 2, iache ilivyo. Halafu 5 mara mbili ni 10, yaani 1 na 0, inabaki 1. Ile 4 iache. Jumla: 5 + 2 + 1 + 4 = 12. Ili ufike 20, unahitaji 8. Basi hiyo 8 unaibandika mwisho na nambari kamili inakuwa 45278.

Sasa karani akiandika 54278 kwa haraka, hesabu inafika 20 kamili kabla ya tarakimu ya mwisho. Mwisho ulipaswa kuwa 0, sio 8. Kosa limenaswa. Mbinu hii inanasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana tarakimu mbili zilizo jirani. Zinazoponyoka ni 0 na 9 tu zikibadilishana nafasi.

Luhn aliwasilisha ombi la hataza Januari 1954, na akaipata Agosti 1960. Na unajua alichokuwa anasajili? Kidude cha kimakanika cha kushika mkononi, sio programu. Leo hesabu hiyo hiyo inafanywa na tovuti yoyote inayopokea kadi ya benki, kabla hata haijaiuliza benki swali lolote.

Ndoo za 1953

Adui wa pili, polepole, alikuwa amemshughulikia mwaka mmoja kabla. Januari 1953 Luhn aliwaandikia wenzake wa IBM waraka wa ndani. Humo alipendekeza kwamba habari zipangwe ndani ya kile tunachoweza kuita ndoo.

Nikuletee mtaani. Tuseme una duka na umehifadhi risiti 100,000. Mteja anakuja na risiti nambari 483917, anataka kurudisha bidhaa. Utapekua zote? Badala yake, gawa nambari hiyo mbili mbili: 48, 39, 17. Jumlisha kila jozi: 4 na 8 ni 12, 3 na 9 ni 12, 1 na 7 ni 8. Chukua tarakimu ya mwisho ya kila jumla: 2, 2, 8. Risiti hiyo inakaa ndoo ya 228. Siku ya kuitafuta unarudia hesabu ile ile, unaenda moja kwa moja hadi ndoo ya 228, na unapekua risiti chache zilizomo. Zingine zote hujazigusa.

Vile visanduku vya herufi vya baba yake, ndio hivyo.

Ila kuna jambo. Risiti 843917 nayo inaangukia 228. Huo ndio mgongano: vitu viwili tofauti, jibu moja. Luhn hakushtuka. Ndoo ikipata vitu viwili, unavipanga kama mnyororo na kupekua mnyororo huo mfupi. Na tazama jambo la pili: nikikwambia tu 228, huwezi kujua nilianza na risiti gani. Njia ni ya kwenda, haina kurudi.

Jina la heshi lenyewe lilizoeleka kwenye maandishi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa Kiingereza ni kukatakata chakula na kukichanganya. Sisi tungesema ni kama kukata sukuma wiki. Majani yale yale, kisu kile kile, utapata mkato ule ule. Lakini jaribu kurudisha jani zima kutoka kwenye sufuria.

Mwaka wake mkubwa

Novemba 1958 wanasayansi walikutana Washington kwa mkutano wa kimataifa kuhusu habari za kisayansi, na hapo Luhn akawaka. Alionyesha mashine inayosoma makala na kuyafupisha yenyewe: inahesabu ni maneno gani yanajirudia, inaacha yale ya kawaida, kisha inachagua sentensi zenye maneno mazito. Alionyesha pia faharasa iliyotengenezwa na mashine, ambapo kila neno muhimu la kichwa cha makala linaonekana likiwa katikati ya majirani wake, ili msomaji ajue limetumika kwa maana gani.

Mwaka huo huo aliandika kuhusu mfumo wa kuipelekea kila idara ya kampuni habari inayoihusu bila idara hiyo kuomba. Ukiona simu yako inakuletea habari za riadha kwa sababu jana ulisoma kuhusu mbio za Eldoret, wazo hilo lina babu yake.

Alistaafu IBM mwaka wa 1961 lakini hakuacha kazi. Aliongoza chama cha wataalamu wa nyaraka wa Marekani. Agosti 19, 1964 saratani ya damu ikamchukua huko Armonk, jimbo la New York, akiwa na miaka 68. Hakuishi kuona tovuti hata moja.

Kutoka kwake hadi kwenye laptopu yako

Miaka 30 baadaye, mwaka wa 1994, Rasmus Lerdorf alianza kuandika programu ndogo za kuendesha ukurasa wake, na hizo ndizo zilizokua zikawa PHP. Ndani ya PHP ya mwanzo kulikuwa na ndoo za Luhn kabisa. PHP ilihitaji kupata fankisheni haraka kwa jina, na heshi iliyotumika ilikuwa ya kitoto: urefu wa jina, yaani strlen(). Herufi tano, ndoo ya tano. Ili ndoo moja isijae kupita kiasi, Lerdorf aliyapa majina urefu tofauti tofauti kwa makusudi. Siku nyingine ukilaani urefu wa htmlspecialchars(), jua ulikuwa na sababu yake.

Kisha kukawa na ukoo wa pili wa heshi, ule wa usalama. Mwaka wa 1991 Ronald Rivest alibuni MD5. Hii haikatikati kwa kujumlisha tu, inasaga hadi mabadiliko ya herufi moja yanageuza jibu lote. PHP ikaijenga ndani: andika md5() na upate herufi 32, hata kama umeingiza neno moja au kitabu kizima. sha1() inakupa 40. hash('sha256') inakupa 64, na sisi wa mji ambao wazee waliuita Sixty-Four kwa sababu ya shamba nambari 64 hatuna haki ya kuisahau hiyo.

Lakini MD5 ilivunjwa. Mwaka wa 2004 Wang Xiaoyun wa China na wenzake walionyesha mafaili mawili tofauti yenye heshi moja. SHA-1 ikafuata mwaka wa 2017. Kwa Luhn mgongano ulikuwa usumbufu mdogo ndani ya ndoo. Kwa mtu anayetegemea heshi kuthibitisha kwamba hati haijaguswa, mgongano ni mlango ulioachwa wazi.

Kasi inapokuwa adui

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Luhn maisha yake yote alitafuta kasi. Hesabu nyuzi haraka, pata kadi haraka, gundua kosa haraka. Heshi za ukoo huu, md5() na sha256 zikiwemo, ni za haraka mno. Unapohakiki kama faili uliyopakua ni kamili, hiyo ni sifa. Unapohifadhi nywila za watu, ni balaa.

Kwa nini? Kwa sababu mwizi hahitaji kurudisha sukuma iwe jani. Anachukua majani yote anayoyajua, anayakata mwenyewe, anaangalia mkato upi unafanana. Nywila 123456 ukiipitisha kwenye md5() itatoa e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e, leo, kesho, Kapsoya na Tokyo. Orodha za majibu kama hayo zimeshaandaliwa kitambo. Na kadiri heshi ilivyo ya haraka, ndivyo mwizi anavyokisia nyingi zaidi kwa sekunde moja.

Hii si hadithi ya kukutisha. Juni 2012 heshi za nywila milioni 6.5 za LinkedIn zilimwagwa hadharani. Zilikuwa SHA-1 tupu, bila chumvi, yaani bila kile kipande cha bahati nasibu kinachochanganywa na kila nywila ili watu wawili wenye nywila moja wasipate heshi moja. Nyingi zilivunjwa ndani ya siku chache. Mwaka wa 2016 ikajulikana kwamba zilizoibwa zilipita milioni 100.

Tangu PHP 5.5 ya mwaka wa 2013 dawa imo ndani ya lugha yenyewe. Inaitwa password_hash(). Inatia chumvi bila wewe kuombwa, na iliundwa iwe polepole kwa makusudi. Mtumiaji mmoja anayeingia hahisi kitu. Mwizi anayekisia mara bilioni anakwama. Wakati wa kuhakiki unatumia password_verify(). Mistari miwili tu ya msimbo.

Kwa hivyo leo jioni fungua hifadhidata ya ile tovuti uliyomjengea mtu. Angalia safu ya nywila. Ukikuta kila moja ina herufi 32, una kazi. Usiwafungie watu nje: mtu akiingia tena, hakiki kwa njia ya zamani, ikikubali hifadhi nywila yake upya kwa password_hash(), futa ile ya kale. Wasioingia kwa muda mrefu waombe waweke mpya. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inakutaka uwe na hatua za kiufundi zinazofaa kulinda habari za watu, na haijali kama ulilipwa elfu tano au laki tano.

Na hata ukiweka sheria kando, yule mama wa chama pengine anatumia nywila hiyo hiyo kwenye barua pepe yake. Alikuamini wewe kwa sababu wewe ndiye unajua kompyuta mtaani.

md5() usiitupe. Tumia kuona kama mafaili mawili ya kawaida yanafanana, au kutengeneza majina mafupi ya vitu unavyotaka kuvipata haraka. Hiyo ndiyo kazi ambayo mtoto wa mpiga chapa wa Barmen angeitambua bila kuelezwa.